Reki ya nyasi: Mambo ya kuzingatia kabla ya mkulima mdogo kununua

WAFUGAJI wengi nchini Kenya wamejifunza kwa uchungu kwamba lishe ya kiangazi hutafutwa wakati wa mvua. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023 uliangamiza mifugo zaidi ya milioni mbili katika kaunti kame, na hata katika maeneo yenye rutuba bei ya robota la nyasi ilipanda kiasi cha kuwashinda wafugaji wadogo.

Ndiyo maana katika kaunti za Nyandarua, Nakuru, Laikipia, Uasin Gishu na Kajiado, si ajabu siku hizi kukuta mkulima ametenga ekari moja, tatu au kumi kwa ajili ya nyasi aina ya Boma Rhodes, oti au lusani, ambayo wengine huiita alfalfa. Baadhi hulisha ng'ombe wao wenyewe, na wengine huuza kwa jirani.

Hata hivyo, kupanda nyasi ni nusu ya kazi. Baina ya siku ya kukata na siku ya kufunga marobota kuna saa chache ambapo mavuno yote hulala chini, yakiwa mawindo ya umande, jua kali na manyunyu ya ghafla. Chombo kinachoamua hatima yake katika saa hizo ni reki, yaani kifaa chenye meno kinachokusanya nyasi zilizotandazwa shambani na kuzipanga katika mikururo.

Reki ni chombo kinachodharauliwa. Mkulima atafikiria kwa kina trekta na mashine ya kufunga marobota, kisha achukue reki yoyote iliyo karibu. Matokeo yake ni ama kununua mtambo mkubwa usiolingana na shamba, ama kuharibu kwa siku moja lishe iliyokuzwa kwa miezi mitatu.

Kazi ya reki

Nyasi zinapokatwa huwa na unyevu wa takriban asilimia 75 hadi 80. Ili ziweze kufungwa katika marobota madogo na kuhifadhiwa bila kuharibika, unyevu huo sharti ushuke hadi kati ya asilimia 15 na 18. Zikifungwa mbichi, vijidudu na kuvu huendelea kufanya kazi ndani ya robota na kuzalisha joto. Joto hilo likizidi nyuzi 65 za selsiasi ni ishara ya hatari, na ghala zima laweza kushika moto bila mtu yeyote kuwasha kiberiti.

Reki hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, huzigeuza nyasi ili upande uliokuwa chini upate hewa. Pili, huzikusanya katika mkururo ambao mashine, au watu wenye sanduku la kufungia, wanaweza kuufuata kwa urahisi.

Wakati mwafaka wa kupitisha reki ni pale unyevu unapokuwa karibu asilimia 40. Nyasi wakati huo hazilowi tena mkononi, lakini bado ni laini na hazivunjiki. Mkulima akipitisha reki mapema mno, nyasi hujisokota kama kamba na katikati ya mkururo hubaki na maji. Akichelewa, majani huwa makavu kiasi cha kupukutika kila yanapoguswa na meno.

Hasara ya kupukutika si ndogo. Katika lusani, zaidi ya nusu ya protini imo katika majani, si katika vijiti. Mkulima anaweza kuona marobota yake yamejaa sawasawa, kumbe amefunga vijiti huku protini imebaki ardhini. Ng'ombe hatasema, lakini ndoo ya maziwa itasema.

Adui wa pili ni udongo. Meno yanapokwaruza ardhi, vumbi na changarawe huingia katika lishe. Nyasi safi huwa na madini yake ya asili, takriban asilimia sita katika nyasi za kawaida na nane katika lusani. Kipimo cha maabara kikionyesha zaidi ya asilimia 10, aghalabu kinachozidi ni udongo uliozolewa shambani. Udongo hauna lishe, na mnunuzi anayelipa kwa kilo hulipia mchanga.

Kwa hivyo swali la kwanza si bei ya reki wala ukubwa wake. Ni hili: Je, itakusanya nyasi bila kupukutisha majani na bila kuchota udongo, ndani ya saa ambazo hali ya hewa imeruhusu?

Reki ya mkono

Kwa mwenye ekari moja au mbili, reki ya mkono ingali chombo cha kuheshimika. Lakini isichanganywe na reki ya chuma ya bustani. Ile ya bustani ina meno mafupi, mazito, yaliyotengenezwa kwa kusawazisha udongo. Ikitumiwa kwa nyasi huchimba.

Reki ya nyasi hutengenezwa kwa mbao nyepesi. Kichwa chake huwa na upana wa sentimita 60 hadi 75, na mpini mrefu kiasi cha kumwezesha mfanyakazi kusimama wima. Meno ni vijiti vya mti mgumu vilivyopigwa katika matundu. Seremala wa kijijini anaweza kuitengeneza kwa nusu siku, na jino likivunjika huchongwa jingine papo hapo.

Faida yake kubwa ni upole. Haipukutishi majani kama mashine, haichoti udongo mwingi, na hufika penye mawe, miteremko na visiki ambako trekta haiwezi kupita. Aidha, huenda sambamba na sanduku la mbao la kufungia nyasi, ambalo limetumiwa kwa miaka mingi na wakulima wadogo nchini. Sanduku hilo lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 38, lililo wazi juu na chini, hutoa robota la takriban kilo 20 nyasi zinaposhindiliwa vizuri.

Udhaifu wake ni muda. Ili kujua kama itatosha, mkulima apime kipande cha mita 20 kwa mita 20 na kumwachia kibarua mmoja akikusanye huku saa ikihesabiwa. Vipande 10 vya namna hiyo ni karibu sawa na ekari moja. Iwapo kipande kimoja huchukua saa moja, ekari itachukua saa 10 za mtu mmoja, au saa tano za watu wawili.

Hesabu hiyo yafaa ilinganishwe na saa zinazopatikana. Katika nyanda za juu umande hukauka mnamo saa nne asubuhi, na kufikia saa 10 jioni baridi huanza kurudi. Kuna basi saa sita za kazi. Watu wawili humaliza ekari moja bila taharuki. Ekari nne kwa siku moja zitahitaji watu wanane, na hapo ndipo gharama ya vibarua huanza kuuma.

Kabla ya kukimbilia mashine, lakini, mkulima ajiulize kama ni lazima akate shamba lote siku moja. Anayekata nusu ekari leo na nusu ekari kesho hupunguza idadi ya vibarua, na mvua ikinyesha ghafla hupoteza kipande, si shamba zima. Kukata kwa awamu ni njia rahisi ya kuifanya reki ndogo itosheleze shamba kubwa kiasi.

Reki ya magurudumu

Eneo linapozidi ekari tatu au nne, wakulima wengi hufikiria reki ya magurudumu inayofungwa nyuma ya trekta. Aina hii ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndugu wawili wa Uholanzi, Cornelis na Arij van der Lely, walianzisha kampuni yao mwaka 1948 wakiwa na reki ya namna hiyo.

Muundo wake ni sahili. Kuna fremu ya chuma iliyobeba magurudumu manne au matano yaliyowekwa mshazari, na kila gurudumu limezungukwa na meno ya waya wa springi. Hakuna injini wala giaboksi. Trekta inapokwenda mbele, meno hugusa nyasi na ardhi, magurudumu huzunguka yenyewe, na nyasi husukumwa kutoka gurudumu moja hadi lingine mpaka zinaangukia pembeni katika mkururo.

Usahili huo ndio unaoifanya ipendwe na mkulima mdogo. Bei yake ni nafuu ikilinganishwa na reki nyingine za trekta, vipuri ni vichache, na trekta ndogo yenye nguvu za farasi 25 hivi huimudu ile ya magurudumu manne. Kasi yake pia ni nzuri. Reki inayofagia upana wa mita 2.4 kwa mwendo wa kilomita sita kwa saa hupita eneo la karibu ekari tatu na nusu. Ukitoa muda wa kugeuza na pembe za shamba, ekari mbili na nusu kwa saa ni matarajio ya haki.

Lakini kila chenye faida kina gharama yake. Kwa kuwa magurudumu huzungushwa na ardhi yenyewe, reki hii ndiyo iliyo rahisi zaidi kuchota udongo, hasa katika shamba lililolimwa vibaya, lenye vichuguu vya fuko au nyasi changa ambazo hazijafunika ardhi. Isitoshe, dereva akienda kwa pupa, nyasi hujisokota na kupukutika.

Kasoro hizo hupungua kwa marekebisho. Springi zinazobeba kila gurudumu zikazwe ili meno yapite juu ya udongo kwa kuugusa tu, yasizame ndani yake. Nyasi nazo zikatwe zikiachwa visiki vya sentimita saba hadi 10, ili zilizokatwa zilale juu ya visiki na meno yapate nafasi ya kupita. Mkulima anayekata hadi chini ili apate robota moja zaidi huishia kuvuna vumbi, na kuchelewesha nyasi zake kuchipuka tena.

Reki ya mzunguko na nyinginezo

Reki ya mzunguko hutumia nguvu za trekta kupitia shafti ya nyuma. Mikono kadhaa yenye meno huzunguka kama miavuli iliyolazwa, ikiinua nyasi na kuziweka kando katika mkururo mwepesi unaopitisha hewa. Kwa kuwa meno hayategemei ardhi ili yazunguke, yanaweza kuwekwa juu kidogo na kuepuka udongo. Kwa lusani, au kwa mkulima anayeuza kwa wafugaji wanaopima ubora, hii ndiyo bora zaidi.

Hata hivyo, bei yake ni kubwa, ina giaboksi inayohitaji mafuta, na huhitaji fundi anayeielewa. Mkulima wa ekari tano asipokuwa na biashara nyingine ya kukodisha, ni vigumu mtambo huo kujilipia.

Ipo pia reki ya vyuma sambamba, yenye meno yaliyopangwa katika mapipa yanayozunguka mshazari. Ni pole kwa majani kuliko ile ya magurudumu, na nyingi zilizomo sokoni ng'ambo ni za mitumba. Kwa wenye trekta ndogo za kusukumwa kwa mkono, kuna reki za mkanda zinazofungwa mbele. Hizo hutumika sana katika milima ya Ulaya. Kabla ya kuagiza mojawapo, mkulima ahakikishe kwamba meno na mikanda yake yanapatikana nchini, la sivyo jino moja likikatika msimu mzima utakatika nalo.

Kununua, kukodi au kuungana

Gharama halisi ya reki si bei ya dukani bali ni bei hiyo ikigawanywa kwa kazi itakayofanya. Tuchukue mfano wa reki ya Sh200,000 inayotarajiwa kudumu miaka 10. Mkulima wa ekari tano anayekata mara tatu kwa mwaka ataitumia kwa ekari 15 kila mwaka, yaani ekari 150 kwa muda wote huo. Kila ekari itakuwa imemgharimu zaidi ya Sh1,300, kabla ya dizeli, dereva na vipuri.

Wakulima wanne wa ekari tano kila mmoja wakiinunua pamoja, itafanya kazi ya ekari 600 na gharama hiyo itashuka hadi takriban Sh330. Wahenga walinena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini ushirika wa namna hii huvunjika siku ambayo nyasi za wote zimekauka kwa pamoja na mawingu yametanda. Ni muhimu basi zamu ziandikwe kabla ya msimu, kila mmoja akate nyasi zake kwa siku tofauti, na ijulikane nani analipia jino lililovunjika.

Kukodi ni njia ya tatu. Wenye mashine za kufunga marobota mara nyingi huwa pia na reki, na hutoza kwa ekari au kwa robota. Uzuri wake ni kwamba mkulima hafungi pesa zake katika chuma. Ubaya wake ni kusubiri. Mwenye mashine akifika siku mbili baadaye, reki itapitishwa wakati majani yamekwisha kuwa makavu. Anayekodi asikate nyasi kabla ya kuthibitisha siku ya mashine kufika.

Jambo lingine ambalo husahauliwa ni ulinganifu. Mkururo ukiwa mpana kuliko mdomo wa mashine ya kufunga marobota, nyasi za pembeni hubaki shambani. Ukiwa mwembamba mno, mashine hujaa upande mmoja na kutoa marobota yaliyopinda. Kabla ya kununua reki, mkulima apime upana wa mdomo wa mashine itakayoifuata, iwe yake au ya kukodi.

Ukaguzi wa reki ya mitumba

Kwa anayenunua iliyotumika, macho na mikono ni muhimu kuliko rangi mpya. Azungushe kila gurudumu kwa mkono. Lizunguke kwa wepesi bila kukwaruza wala kuyumba, la sivyo beringi zimekwisha. Aangalie viungo vya fremu kama vimechomelewa upya, kwa kuwa ufa uliofichwa kwa rangi hurudi shambani. Ahesabu meno yaliyokosekana na kuulizia bei ya moja katika duka la vipuri kabla ya kulipa hata senti.

Baadhi ya mafundi wa jua kali huziba mapengo ya meno kwa kutumia nondo za ujenzi. Hilo liepukwe. Nondo haina uwezo wa springi. Hupinda ikagwaruza ardhi, au hukatika ikaangukia katika nyasi.

Na hapa pana hatari isiyoonekana kwa urahisi. Kipande cha waya kikifungwa ndani ya robota, ng'ombe hukimeza kwa sababu hachambui anachokula. Kipande hicho hutua katika sehemu ya tumbo iliyo karibu na moyo, na kila tumbo linapojikaza chaweza kutoboa ukuta wake na kusonga mbele. Ng'ombe huacha kula, hupinda mgongo, maziwa hukauka, na mara nyingi hufa kabla ya mwenyewe kujua kilichomuua. Kwa sababu hiyo meno yahesabiwe kabla na baada ya kazi ya kila siku. Likikosekana moja, litafutwe mpaka lipatikane.

Usalama wa watu nao usipuuzwe. Shafti ya trekta inayoendesha reki ya mzunguko huzunguka mara 540 kwa dakika, sawa na mara tisa kila sekunde. Koti au leso ikinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele. Kifuniko cha shafti kisiondolewe, na injini izimwe kabla ya mtu yeyote kuinama kutoa nyasi zilizokwama.

Uamuzi

Kwa muhtasari, mwenye ekari moja hadi mbili hana haja ya mashine. Reki mbili nzuri za mbao, sanduku la kufungia na ratiba ya kukata kwa awamu vinamtosha. Mwenye ekari tatu hadi 10 aanze kwa kukodi au kuungana na majirani, akilenga reki ya magurudumu manne. Anayezidi hapo, au anayekuza lusani ya kuuza, anaweza kuitazama reki ya mzunguko, mradi awe na trekta, fundi na wateja wa kutosha.

Vyovyote itakavyokuwa, kipimo cha mwisho hakihitaji mtaalamu. Baada ya reki kupita, mkulima apige magoti katikati ya mikururo na kutazama chini. Akiona ardhi imechanwa, meno yako chini mno. Akiona majani mengi yaliyopukutika, amechelewa au ameenda mbio. Kisha achukue nyasi za katikati ya mkururo, azikatekate, azitie katika chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu na kuitikisa kwa dakika mbili au tatu. Chumvi ikishikamana, nyasi zingali na maji na marobota yasubiri. Ikibaki chengachenga kama ilivyotiwa, kazi ya kufunga inaweza kuanza.